Maneno ya Kumlaza Wegesa

Chuo cha Wauguzi,
Musoma,
22 Januari 1984

Dada yangu Dafroza,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpe shemeji Magige. Nilifika salama, ingawa basi lilituacha njiani saa nne nzima kwa kukosa dizeli, mpaka lori la pamba likatuokota. Tumepangwa sita chumba kimoja. Chakula ni ule ugali wa unga wa njano, na maharage. Sabuni hatujaiona, tunafulia majani ya mpapai kama nyumbani. Walimu ni wakali lakini wanafundisha vizuri. Mwaka mmoja na mwezi si mwingi, najiambia hivyo kila nikiamka.

Ninaloandikia hasa ni Wegesa. Siku ile niliondoka mbio kwa sababu niliogopa kubadili mawazo, nikasahau kukuambia jinsi anavyolazwa. Kumbembeleza tu hakutoshi. Ana maneno yake, na mimi ndiye niliyeyatunga tangu ana wiki mbili. Mlaze begani upande wa kushoto, umpigepige mgongoni polepole, useme kwa sauti ya chini, usiimbe:

Tulia, kadogo kangu, tulia,
kuku wamelala, na mbuzi wamelala.
Mama yuko njiani, anakuja,
ukifumbua macho utamwona.

Rudia mara tatu au nne. Huo mstari wa tatu, dada, usiuache kabisa. Hapo ndipo macho yake yanapolegea. Nataka ausikie kila siku ili nikirudi asiwe amenisahau. Ana miezi kumi na moja tu, na baba yake tangu aende Mwanza hajaandika hata mstari. Mimi ndiye kila kitu chake.

Nijibu upesi. Barua utume kwa anwani ya chuo, au umpe Stanislausi, kondakta wa basi la asubuhi, ananifahamu.

Mdogo wako akupendaye,
Pelagia


Butiama,
26 Februari 1984

Mdogo wangu Pelagia,

Marahaba. Barua yako nimeipata, mwalimu Apolinary ndiye aliyeipokea shuleni akaja nayo mwenyewe. Unisamehe mwandiko, unajua mimi nilijifunzia kwenye elimu ya watu wazima na mkono wangu umezoea jembe.

Huku mvua imeanza vibaya. Mtama umeota nusu, nusu ndege wamefukua. Ng'ombe wa Magige wawili wamepotea wiki nzima, wakapatikana kumbe wamechanganyika na wa jirani, maneno yakawa mengi, balozi wa nyumba kumi akaitwa, wakapatana. Yule ndama mwekundu unayemjua amekufa. Maziwa yapo ya kutosha lakini. Shangazi anaumwa miguu. Jeska, binti wa mjomba, ameanza kushona nguo, anashonaga kwa mkono tu kwa sababu cherehani haina sindano na sindano hazipatikani.

Mtoto hajambo. Ana meno manne. Analalaga vizuri, usiwe na wasiwasi.

Magige anakusalimu. Soma kwa bidii.

Ni mimi dada yako,
Dafroza


Musoma,
18 Machi 1984

Dada Dafroza,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia shangazi yupo, mpe pole ya miguu. Mimi ni mzima. Tumeanza kwenda wodini, nimeshika mtoto aliyezaliwa saa hiyo hiyo, nikarudi chumbani nikalia peke yangu.

Dada, nimeihesabu barua yako. Ng'ombe umewapa mistari saba. Mwanangu umempa miwili. Na nilichokuuliza hukukijibu: maneno unamwambia? Begani kushoto au kulia? Anafika mara ya tatu au analala kabla? Vitu vidogo hivyo ndivyo ninavyovitaka. Meno manne, yalitoka lini? Alisumbuka? Nani aliyaona kwanza?

Najua una kazi. Sitaki uone kama nakusimamia. Lakini jioni wenzangu wakipiga hadithi mimi nakaa nafikiri sasa hivi yuko begani kwa mtu, na mtu huyo si mimi.

Pasaka watatupa ruhusa siku tatu. Nitakuja hata kwa miguu.

Pelagia


Musoma,
29 Aprili 1984

Dada Dafroza,

Shikamoo. Nilirudi salama, Stanislausi alinipakia mbele. Mwambie shemeji asante kwa ile samli, wenzangu wameimaliza kwa siku mbili.

Nimekaa wiki nzima nikijizuia kuandika, na leo nimeshindwa.

Nilifika Ijumaa Kuu saa nane. Wegesa alikuwa amesimama, dada. Amesimama ameshika ukingo wa kinu. Hukuniandikia kama anasimama. Nilimwita, akaniangalia kama watu wanavyomwangalia bwana mifugo aliyekuja kuhesabu ng'ombe. Nikanyoosha mikono, akajificha nyuma ya kanga yako, na wewe ukacheka. Ukasema, "Usimtishe, hajakuzoea." Mimi, hajanizoea!

Jumamosi mchana alipoanza kusinzia nilikuomba nimlaze mimi. Nikamweka begani, nikasema maneno yetu. Alijikunja mgongo kama upinde akapiga kelele mpaka shangazi akauliza kutoka nyumbani kwake kuna nini. Nilisema mara tano. Ndipo wewe ukaja na mikono yenye unga, ukasema, "Lete." Hukusema nikusaidie, ulisema lete. Ukamchukua, ukanigeuzia mgongo, ukaenda naye pale karibu na ghala, ukamnong'oneza kitu. Sikusikia. Kabla sijajipangusa machozi mtoto alikuwa amelala na mate yanakutiririkia shingoni.

Ulimwambia nini?

Sikukuuliza pale pale kwa sababu ilikuwa sikukuu na shemeji alikuwa amechinja kuku kwa ajili yangu. Sasa nauliza. Na alipoamka akakuita "mama" na wewe ukaitika. Wewe ni mama mkubwa, dada. Mfundishe aseme hivyo.

Pelagia


Butiama,
3 Juni 1984

Mdogo wangu Pelagia,

Barua yako ilikaa kabatini shuleni, mwalimu Apolinary alikwenda kwao msibani na ufunguo. Usiseme nimechelewa kwa makusudi.

Tunavuna mtama, ni kidogo sana. Watu wanakula michembe ya viazi na udaga wa muhogo, wengine wanakwenda mpaka Bunda kutafuta mahindi wanarudi mikono mitupu. Sisi tunashukuru tuna maziwa. Kanisani tumebatiza watoto tisa.

Wegesa anatembea. Alianza tarehe kumi na nne Mei, asubuhi, kutoka kwangu kwenda kwa Magige, hatua nne. Nimekuandikia tarehe ili usije ukaniuliza nani aliona kwanza.

Mambo ya kumlaza, mtoto anabembelezwa, analala, basi. Mimi sikuwa nakuficha. Kwa mtoto mdogo "mama mkubwa" ni refu mno kwenye ulimi, anasema anachoweza. Nikimkataza atanielewaje?

Kuna jambo Magige ameniambia nikuandikie. Anasema wewe bado msichana. Ukimaliza chuo watakupeleka kituo chochote cha afya, utafanya zamu, na siku moja utapata mwanaume wa kukuoa, na mwanaume atauliza huyu mtoto wa nani. Anasema Wegesa abaki hapa mpaka aanze shule. Hapa ana maziwa, ana eneo, ana watu. Ni mawazo ya Magige. Na mimi nimeyaona si mabaya.

Fikiria bila hasira.

Dada yako,
Dafroza


Musoma,
15 Julai 1984

Dafroza,

Nitaacha salamu leo.

Jeska alikuja Musoma kutafuta sindano za cherehani akalala kwa rafiki yake mtaa wa Nyasho, na Jumatano akaja kunisalimia. Nilimuuliza juu ya Wegesa. Akacheka, akasema mtoto wako analala kwa maneno ya ajabu. Nikamwambia nisemee. Akasema hakumbuki yote, lakini amekusikia mara nyingi ukimwambia: "Mama yuko hapa, hajaenda popote."

Alidhani ni kitu cha kuchekesha. Mimi nilishika mlango.

Nilikuachia mstari mmoja tu wa kunisemea. Mama yuko njiani, anakuja. Mmoja. Ukautoa, ukaweka wa kwako, na kwenye wa kwako mimi sipo. Kila siku mchana na jioni unamwambia mwanangu kwamba mimi ni wewe. Sasa naelewa kwa nini Pasaka ulinigeuzia mgongo. Mwizi naye hugeuka hivyo.

Na yale mawazo ya shemeji si ya shemeji. Shemeji Magige hajawahi kufikiria mambo ya ulezi wa mtoto tangu nimjue. Ni yako.

Mwanao Masatu yuko kaburini nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Wangu yuko hai. Usiwachanganye.

Pelagia


Musoma,
2 Septemba 1984

Dada Dafroza,

Shikamoo. Ni wiki saba sasa. Stanislausi anasema bahasha alimkabidhi mwalimu mkononi, kwa hiyo najua imefika.

Ule mstari wa mwisho nisingeuandika kama ningelala kwanza. Ile mingine siirudishi.

Niambie tu mtoto hajambo. Neno moja.

Pelagia


Butiama,
28 Oktoba 1984

Pelagia,

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya Julai niliisoma peke yangu nikaifungia kwenye sanduku la nguo, Magige hajaiona na hataiona.

Mwezi wa Agosti Wegesa aliumwa. Ilianza mafua, ikashuka kifuani, akawa anavuta pumzi kwa mbavu. Magige alituchukua kwa baiskeli, mimi nimembeba mbele, mpaka zahanati, wakasema ni kichomi. Alichomwa sindano siku tano. Siku ya tatu nilidhani ameondoka. Sasa ni mzima kabisa, anakimbiza vifaranga. Sikukuandikia. Najua wewe ni muuguzi na ulikuwa na haki kuliko mtu yeyote. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja ungemchukua, na nilikuwa bado nina hasira, nikasema acha na yeye asijue. Hilo ni kosa langu na nimeliungama kwa padri.

Sasa nitakuambia habari ya maneno, maana Jeska amekupa nusu.

Ya kwako nilimwambia. Wiki tatu nzima, kila siku, kama ulivyoandika, bega la kushoto. Kwako macho yalikuwa yanalegea kwa sababu ulikuwa upo. Kwangu, nikifika pale pa mama yuko njiani, alikuwa anafumbua macho anageuza shingo anatazama mlango. Anakutafuta wewe. Halafu haingii mtu. Anaanza kulia upya. Siku moja alitambaa mpaka kwenye kizingiti akakaa anaangalia njia. Nikimtoa anarudi. Alilala pale pale, amekaa, kichwa kimeegemea ubao wa mlango. Nikasema huyu mtoto simwambii tena kitu ambacho si kweli.

Nikawa naruka ule mstari. Lakini bila huo, maneno yanakatika, hayafiki usingizini. Siku hiyo hiyo ya kuruka, kinywa changu kikaongeza chenyewe maneno niliyokuwaga namwambia Masatu. Miaka mitano tangu nimzike sikuwa nimeyasema hata kwa kunong'ona. Nilidhani yameshanitoka kichwani. Wegesa alilala kabla sijayamaliza.

Mwanzo nilifanya kwa ajili yake. Baadaye, Pelagia, nilikuwa nafanya kwa ajili yangu. Nilikuwa nangojaga asinzie kama mtu mwenye njaa anavyongoja sufuria.

Wewe unanionea wivu wa mwaka mmoja. Mimi nimekuonea tangu ulipokuja hapa unalia kwamba una mimba ya yule mtu na hujui utafanyaje. Mimi ndiye niliyekupikia uji, nikakusugua mgongo, na moyoni nasema, huyu analia nini? Analia kwa kupewa? Sikuwahi kukuonyesha. Basi tuko sawa.

Lile la kaburi la Masatu nimelisikia. Sijui kama nitalisamehe. Nitajaribu.

Dafroza


Musoma,
11 Novemba 1984

Dada,

Shikamoo.

Nimesoma habari ya kizingiti mpaka karatasi imelowa. Nimesoma habari ya kichomi na nikataka kuja kukupiga. Yote mawili nimeyasoma jioni moja.

Wodini kwetu wiki iliyopita alikufa mtoto wa kichomi, wa umri wa Wegesa. Nilimfunika mimi. Na mwanangu alikuwa hivyo hivyo, nami nipo hapa nacheka na wenzangu kantini. Hukuwa na haki, dada.

Kwa niliyoandika juu ya Masatu nakupigia magoti. Nilimbeba Masatu mimi pia. Alikuwa akinivuta nywele.

Lakini mtoto simwachi. Mitihani ni Januari. Mwishoni mwa Februari nitakuja kumchukua. Andaa nguo zake.

Pelagia


Bunda,
17 Machi 1985

Dada Dafroza,

Shikamoo, na shemeji pia. Nimepangiwa kituo cha afya hapa Bunda. Nimepata chumba kwa mama Gati, mjane mmoja Mkatoliki, mtu mzuri, yeye ndiye anayekaa na Wegesa nikiwa kazini. Hapa maisha yamebadilika kidogo. Madukani sabuni zimerudi, sokoni kuna nguo za mitumba mpaka unachagua. Nimemnunulia Wegesa sweta jekundu. Nimekutumia mche mmoja wa sabuni, nimempa Stanislausi, usipofika umuulize yeye.

Siku ile nilipokuja kumchukua ulikuwa umekwenda shambani tangu alfajiri. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa mezani, na kikombe chake juu. Shemeji alisema, "Dada yako amesema usimsubiri." Nilikusubiri mpaka saa sita. Wegesa alikuwa anakwenda kila chumba anakuita, anafungua hadi mlango wa ghala. Nilimbeba analia hadi barabarani na watu wote wa kijiji wakinitazama kama nimeiba mbuzi. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo.

Sasa sikia. Siku ya kumi na tisa leo. Halali. Anasinzia kwa kuchoka, anazinduka, ananiona ni mimi, anaanza. Analia "mama, mama" huku nimembeba mimi mama yake. Mama Gati amejaribu. Nimejaribu maneno yangu, anaziba masikio, mtoto wa miaka miwili anaziba masikio kwa viganja. Jana nilifanya jambo ambalo sikudhani nitafanya. Nilimwambia ya kwako, yale aliyoniambia Jeska. Mama yuko hapa, hajaenda popote. Akanyamaza. Akanigeukia akaniangalia usoni muda mrefu, akaniwekea mkono mdomoni, akanifunga mdomo.

Dada, niandikie yaliyobaki. Niandikie yote, na jinsi unavyoyasema, pa kupandisha na pa kushusha. Unajua inanigharimu nini kukuomba hili. Kazini nimeanza kusinzia, juzi nilikaribia kumpa mama mmoja dawa ya mwenzake.

Ni mdogo wako,
Pelagia


Butiama,
8 Aprili 1985

Mdogo wangu Pelagia,

Marahaba. Sabuni imefika, Stanislausi hakuila. Jana tumeadhimisha Pasaka vizuri, mvua ya mwaka huu imenyesha kwa heshima, mtama unapendeza. Shangazi amepata nafuu. Magige hasemi, lakini namwona jioni anaangalia pale penye kinu.

Ulichoomba sitakupa.

Nimekaa siku kumi na kalamu. Mara tatu nimeanza kuyaandika, mara tatu nimechana. Kwanza nilijiambia ni kwa sababu maneno hayo ya kusemwa, hayakai kwenye karatasi. Si kweli, yangekaa tu. Sitaki kukupa. Una mtoto. Una kazi, una nguo za mitumba, una sweta jekundu. Umemchukua na kikombe chake. Hayo maneno ni ya Masatu na ni kitu pekee nilichobaki nacho ambacho wewe huna. Unaweza kuniona mbaya. Mimi mwenyewe najiona.

Siku ile sikuwa shambani. Nilikuwa kwa shangazi, nimekaa ndani, mlango umefungwa. Nilimsikia akiniita. Kama ningetoka usingempata tena, tungegombana barabarani kama wanyama.

Nitakuambia kitu kimoja tu, kwa ajili yake. Acha kumlaza. Unamlaza kama unayemdai kitu, mtoto anasikia. Wewe fanya kazi zako, yeye awe mgongoni, ongea mambo yako. Usimtafutie usingizi.

Na usiniombe nije kukusaidia. Nikija mwaka huu sitaweza kuondoka peke yangu.

Dafroza


Bunda,
16 Juni 1985

Dada Dafroza,

Shikamoo kwa heshima. Shikamoo kwa shemeji na kwa shangazi. Sisi wazima, na mama Gati anakusalimu ingawa hakujui, nimemsimulia habari zako mpaka anakuita kwa jina.

Barua yako ilinichoma nikaiweka chini ya godoro wiki mbili bila kujibu. Niliwahi kusema kwa sauti, chumbani peke yangu, "Mchoyo mkubwa wewe." Halafu nikafanya ulichoniambia, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki. Nilipima watoto sabini na wawili. Nimerudi miguu imevimba, nimemfunga Wegesa mgongoni nachambua mchicha, wala simbembelezi. Nikaanza kumsimulia tu, kama mtu anayeongea na nafsi yake: leo alikuja mwanamke wa Kabasa na mapacha, mmoja mnene mmoja mwembamba, mwembamba ndiye anayenyonya sana. Leo mizani ilikatika kamba, mtoto akaangukia kwenye kapu la kadi, hakuumia, alicheka. Nikaendelea hivyo mpaka mchicha ukaisha. Nikasikia kichwa kimekuwa kizito kati ya mabega yangu. Sikuthubutu kugeuka. Nilibaki nimekaa kwenye kigoda mpaka giza likaingia.

Tangu siku hiyo ndivyo analala. Anataka habari za kliniki. Nisipokuwa na habari, anauliza, "Na mapacha?" Sasa ananiita mama. Wewe anakuita mama Daflo. Sikumfundisha mimi.

Ningeishia hapa, ungebaki unadhani nimekushinda. Lakini kuna jambo la Jumapili iliyopita.

Mchana, baada ya misa, nilikuwa nafua nje chini ya dirisha. Wegesa alikuwa ndani peke yake anacheza. Ana gunzi la mahindi amelifunga kitambaa, ndiye mtoto wake, sijui nani alimwonyesha. Nikamsikia anasema nalo. Nilidhani anaongea ovyo kama watoto wanavyoongea. Kisha nikasikia, mama yuko hapa, hajaenda popote, nikaacha kufua. Aliendelea, dada. Alisema yote. Ulimi wake mzito, anaruka maneno, lakini alisema mpaka mwisho, na mwisho kabisa alitaja jina. "Satu." Gunzi lake linaitwa Satu.

Nitakuambia ukweli. Wivu ulinipanda kuliko siku ile ya Pasaka. Nilisimama kuingia nimnyang'anye lile gunzi. Nimemlisha, nimemvisha, nimemwokoa na usingizi mbaya, na ndani yake kumbe bado umekaa wewe, na kitu chako umekiweka mahali nisipofika. Nilifika mpaka mlangoni. Nikamwona analipigapiga mgongoni, amelilaza bega la kulia. Kwa hiyo ulikuwa unamweka kulia. Hukuniambia hata hilo.

Sikuingia. Nilirudi nikakaa karibu na beseni mpaka alipomaliza.

Sasa nayajua. Ni mafupi kuliko nilivyofikiri. Sijayaandika hapa kwa sababu ulisema ni yako, na sitamwambia Wegesa kwa mdomo wangu. Lakini nilitaka ujue kwamba hapa Bunda, kwenye nyumba ya mjane ambaye hukumwona, kuna mtu anataja jina la mwanao.

Uje. Usingoje mwaka uishe.

Mdogo wako,
Pelagia


Butiama,
7 Julai 1985

Mdogo wangu Pelagia,

Marahaba. Tumevuna magunia manne ya mtama, shukrani kwa Mungu. Magige amenunua redio kwa mtu aliyetoka Sirari, inakoroma kuliko kuongea.

Barua yako nilimpa Magige anisomee, kwa sababu nilipofika kwenye lile jina sikuona tena maandishi. Na yeye alipofika hapo alitoka nje akasema anaangalia ng'ombe. Tulimalizia kesho yake.

Kile ulichoniandikia Julai ya mwaka jana nimekuachia. Nimeitoa ile karatasi sandukuni nimewashia moto wa uji.

Usifikiri wivu umeniisha. Nilipofika pale pa mapacha na mizani na mchicha, nilisikia moto. Analala kwa habari za mizani! Nimecheka na nimekasirika. Na bega ni la kulia kwa sababu la kushoto linaniuma tangu nimtwangie Masatu ulezi, sikulificha kwa ubaya.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na Stanislausi. Nitakaa siku nne, Magige ameniambia nisizidishe, naye anajua kwa nini. Mwambie mama Gati asichinje kitu. Nikifika, usinipe Wegesa nimlaze siku ya kwanza, hata akinililia, hata mimi nikiomba. Niketishe mbali, mimi nisikilize habari za kliniki kama mgeni.

Siku ya pili unipe.

Dada yako,
Dafroza